Nguo Nyeusi na Wakwe wa Njia Panda

Jumamosi, msimu wa korosho. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, mabibo yananuka kila kona ya kijiji.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nakuandikia nikiwa nimevaa baibui.

Ndiyo, mimi. Baibui!

Nimekaa barazani, magharibi imeshaswaliwa, na naandika mbio hadi nakosea herufi. Si kwa woga. Woga ulikuwepo asubuhi, tena mwingi, lakini umeisha wote njiani. Kilichobaki ni furaha ile inayomfanya mtu acheke peke yake mpaka majirani waulizane kama amepatwa na nini. Nisipoyaandika haya leo nitapasuka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi sola. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Msimbati, jina silitaji, nyakati hizi si za kutajataja majina. Gesi inatoka huko pwani, inasafishwa Madimba, inakwenda zake Dar, nasi tuliopitiwa tunawasha taa kwa jua. Silalamiki, ndiyo riziki yangu hiyo. Napanda mapaa ya watu, nafunga paneli, navuta waya, nashuka. Na paa halipandwi kwa gauni. Anayekushikia ngazi chini naye ana macho, na shingo yake haijavunjika. Kwa hiyo navaa suruali.

Mama yangu, Bi Somoe, hajawahi kulitamka neno hilo. Anasema "kile kitu chako." Kamba ya mbele ya nyumba yetu ni ya kanga, mashuka na mabaibui. Kile kitu changu nakianika nyuma ya bafu, kwenye kamba niliyoifunga mwenyewe kati ya mpapai na ukuta, ambako hakuna jua la maana na kinakauka kikinuka moshi wa jikoni. Hakuna aliyenikataza kukileta mbele. Siku ya kwanza nilipokianika mbele, Mama alikihamisha, akaingia ndani, na tangu hapo ikawa sheria.

Baibui hili nalo lina kisa chake. Nilipomaliza kidato cha nne, Mama alikwenda mjini mwenyewe, akachagua kitambaa, akakaa kwenye cherehani yake ya mkono akanishonea. Mikononi ameweka tarizi ya rangi ya fedha. Nililivaa Idi moja. Kisha nikaenda chuo cha ufundi mjini, nikarudi na suruali, na baibui likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila baada ya muda analitoa, analikung'uta, analipigisha jua, analirudisha msumarini. Hasemi kitu. Na kule kutosema ndiko kulikokuwa kunaniudhi, maana mtu anayesema unaweza kumjibu.

Basi ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi na yeye, na ile nguo nyuma ya mlango.

Halafu zikaja vurugu. Mnazijua, sina haja ya kuzisimulia. Mjini maduka yalifungwa, matairi yakachomwa, watu wakaambiwa wasionekane nje jioni, simu zikawa hazishiki mtandao. Huku kwetu hakuna aliyechoma hata jani, sisi tulikuwa tunaokota korosho. Lakini wapo vijana wetu waliokuwa mjini siku zile, na wapo ambao hawajarudi mpaka leo. Mama zao wanapanda gari asubuhi kwenda kuulizia vituoni, wanarudi jioni mikono mitupu. Ukikutana nao njiani hujui useme nini. Unasalimia, unapita.

Mtandao uliporudi, kikaanza kuzunguka kwenye simu kipande cha sauti ya mwanamke nisiyemjua. Alisema Jumamosi wanawake wote nchini wavae nyeusi, wawaombolezee waliopotea na waliokufa. Hakusema waandamane. Wavae tu.

Alhamisi alasiri, mtendaji wetu wa kijiji akapita na pikipiki, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine na kipaza sauti. Ni kijana, amehamia hapa karibuni tu, kwao ni bara huko mbali. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu ukimpa kipaza sauti ni balaa. Akatangaza kwamba siku ya Jumamosi ni marufuku mwanamke yeyote kuonekana hadharani na nguo nyeusi, na atakayekaidi atachukuliwa kama mwandamanaji.

Nguo nyeusi! Huku kwetu!

Jamani, mwanamke anayeokota korosho anavaa kaniki nyeusi, kwa sababu utomvu wa bibo ukishaingia kwenye nguo hautoki mpaka Kiyama. Mwanamke anayekwenda msibani, kliniki au mnadani anavaa baibui. Ukiondoa nyeusi katika kijiji hiki unabakiwa na wanaume na mbuzi, na mbuzi wenyewe wengi ni weusi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia Mama, huyu mtendaji kesho atapiga marufuku kivuli.

Mama hakucheka. Alikuwa anageuza korosho kwenye jamvi, akaendelea kugeuza.

Ndipo nikakumbuka. Jumamosi ilikuwa akika, siku ya kunyolewa na kupewa jina mjukuu wa Bi Hadija, shoga yake Mama tangu walipochezwa unyago pamoja. Maulidi ya wanawake, na anayesoma ni Mama. Bila yeye, wenzake wanapiga madufu tu bila mpango. Nyumba ya Bi Hadija iko upande wa pili wa kijiji, na huwezi kufika bila kuvuka njia panda, ambako tangu vurugu zianze wanakaa mgambo.

Nikamwambia, Mama, si uvae lile dera lako la kijani la maua? Siku moja tu, ipite.

Akaacha kugeuza korosho.

"Weye watu walipokwambia uvae gauni siku moja tu, ulivaa?"

Nikajifanya nakwenda kuangalia betri. Lakini swali lile lilinifuata hadi kitandani. Miaka yote hii nilidhani uhuru wangu unaanzia pale ninapofunga zipu ya suruali, na kwamba Mama yuko ng'ambo ya pili, upande wa wale wanaokataza. Haikunijia hata siku moja kwamba baibui lake naye amelichagua. Mama yake yeye, bibi yangu, alivaa kanga mbili maisha yake yote na alimcheka binti yake alipoanza kujifunika. Mama alivumilia kuchekwa. Hadithi hiyo naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuiweka karibu na yangu.

Ijumaa asubuhi Mama akaniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, Jumamosi zamu ya njia panda ni ya akina nani. Nikamwambia ni Bakari na Selemani.

Akatabasamu. Shajara, lile tabasamu ungeliona!

Kwa wasio wa kwetu inabidi nieleze. Huku kwetu mara nyingi mwanamume akioa anahamia upande wa mke. Kwa hiyo vijana wetu wametawanyika vijiji vya watu, na vijana tulio nao hapa, wenye nguvu za kushika rungu, wengi ni wakwe. Na mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Akimwona njiani anampisha. Njia ikiwa nyembamba anaingia majanini, anageuza uso mpaka apite. Hali chakula naye, hampi mkono. Kumsimamisha na kumkagua nguo aliyovaa, hilo wajomba wa mke wakilisikia, kikao kitamtoza kuku wengi wa faini, na jina lake litabaki kwenye midomo ya watu hadi uzeeni.

Sasa Bakari ni mume wa dada yangu Mwajuma. Ni mkwe wa Mama. Na Selemani ni mkwe wa Bi Hadija, tena ndiye baba wa huyo mtoto wa akika! Mtendaji wa watu amechukua wakwe wawili, akawasimamisha njia panda wakakamate mama wakwe zao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Leo asubuhi niliamka mapema nikaloweka suruali yangu ya kazi kwenye beseni, maana Jumamosi ni siku yangu ya kufua. Nikavaa ile nyingine. Mpango wangu ulikuwa kubaki nyumbani. Wanawake wakaanza kufika uani kwetu mmoja mmoja, weusi watupu, wengine wametoka shamba moja kwa moja na kaniki zao zina madoa ya bibo. Walikuwa wanacheka, wanasukumana kama wasichana. Kati yao walikuwepo wawili ambao watoto wao hawajarudi kutoka mjini. Hao hawakuwa wanacheka, ila walikuja.

Niliingia chumbani kwa Mama kumwambia wamefika. Alikuwa mbele ya kioo anabana ushungi wake. Pini ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Akachukua nyingine, nayo ikaanguka. Nikatazama vidole vyake.

Mama yangu alikuwa anatetemeka.

Yeye aliyetabasamu jana! Kumbe alikuwa anaogopa kama sisi wote, na alikuwa anakwenda hivyo hivyo. Nikaokota pini, nikambana ushungi mwenyewe, chini ya kidevu, kama yeye alivyokuwa ananibana mimi nikienda madrasa. Kisha nikanyoosha mkono nyuma ya mlango, nikalitoa baibui msumarini, nikalivaa juu ya suruali yangu.

Limenibana mabegani. Ngazi imenitanua, si yule binti wa kidato cha nne tena. Mama alisogea kidogo tu, nami nikapata nafasi kwenye kioo.

Tukatoka. Mama mbele, mimi nyuma yake na dufu, wengine nyuma yetu. Njia ile naipita kila siku na mzigo wa waya begani na sijawahi kuiona ndefu vile. Moyo ulikuwa unanidunda, na wakati huo huo nilikuwa na hamu ya kukimbia kwenda mbele. Sijui jina la hisia hiyo. Naikumbuka mara moja tu, siku niliyopanda paa langu la kwanza bila mwalimu chini.

Tulipokaribia njia panda, Bakari alikuwa amesimama katikati, rungu mkononi, kifua mbele. Huyu ni shemeji yangu, tunataniana kila siku, kila akiniona ananiuliza lini nitamfungia sola ya bure. Alitutazama kwa mbali akiwa amekunja uso. Halafu akamtambua Mama kwa mwendo.

Jamani! Mtu alitazama kushoto, akatazama kulia, akaangalia rungu lake kana kwamba ameokota kitu cha mtu mwingine. Kisha akaingia kwenye mikorosho, akasimama nyuma ya shina, mgongo kwetu.

Selemani akabaki peke yake. Yeye Mama si mkwewe, kwa hiyo alijikaza, akainua mkono. "Mama zangu, samahanini, naomba msimame..."

Hakumaliza. Nyuma yake, kutoka ule upande mwingine, ikasikika sauti ya Bi Hadija akipiga vigelegele. Alikuwa amekuja kutupokea, na wanawake wa upande wake, wote mabaibui. Selemani hakugeuka hata kuhakikisha. Aliruka mtaro akamfuata mwenzake, na wote wawili wakawa nyuma ya mkorosho mmoja, nyuso kwenye shina, kama watoto wanaohesabu kwenye kombolela.

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Wanawake walishikana mabega. Hata mmoja wa wale mama wawili nilimwona ameziba mdomo kwa ushungi.

Basi ingekuwa imeishia hapo, ningekuwa naandika kichekesho. Lakini tulisikia pikipiki.

Mtendaji alisimama mbele yetu, akashuka, hata stendi akasahau kuipiga vizuri. Aliangalia wanawake upande huu, akaangalia wanawake upande ule. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akawaita mgambo wake. Sauti ya Bakari ikatoka nyuma ya mkorosho.

"Niko hapa, mkuu."

"Unafanya nini huko? Mbona hamjawazuia?"

"Mkuu, yule aliyetangulia ni mkwe wangu."

"Na hao wengine?"

"Hao wengine wako nyuma yake, mkuu."

Wanawake wakaangua tena kicheko, ila safari hii kilikatika haraka, kwa sababu mtendaji alitoa simu mfukoni. Akasema akipiga hapo gari linakuja kutoka mjini, na wakija wao yeye hataweza kumsaidia mtu. Na shajara, hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeomba. Nadhani alikuwa anawaogopa hao wa kwenye gari kuliko sisi tulivyowaogopa.

Wote tulijua gari hilo lilikopeleka watu.

Mama akasogea hatua mbele. "Piga, mwanangu," akasema. "Ila uwaambie waje na gari kubwa. Sisi ni wengi, na wengine tunaumwa miguu."

Hakuna aliyecheka. Mtendaji alibaki ameshika simu, haipigi, hairudishi mfukoni. Macho yake yakawa yanapita kwenye nyuso, moja moja, yakitafuta pa kushika. Yakanifikia mimi.

"Huyu ninamjua," akasema. "Huyu fundi sola. Huyu alinifungia paneli ofisini. Nyinyi wengine sawa, ni vazi lenu la kila siku. Lakini huyu havai hivi. Kila siku yuko na suruali. Kwa nini leo?"

Alikuwa amesema kweli. Katika wanawake wote wale, mwandamanaji alikuwa mmoja tu, na ni mimi. Wao walivaa kwa sababu ndivyo wanavyovaa. Mimi nililivaa kwa sababu yeye alikataza. Kichwani nilikuwa na maneno mengi, haki, katiba, uhuru, yale ninayoyaandika humu nikiwa peke yangu na simu. Hayakutoka hata moja.

"Leo nimetaka," nikasema.

"Kwa nini umetaka leo?"

"Nimetaka tu."

Ndilo jibu nililokuwa nalo. Sasa naliona ni jibu zuri, lakini pale lilisikika la kitoto kabisa. Mtendaji akainua simu usawa wa uso. Na hapo Mama akasimama kati yangu na yeye.

"Baibui hilo ni lake, nimemshonea mimi kwa mkono wangu," akasema. Kisha akavuta pumzi. "Na suruali ni yake, kanunua mwenyewe. Weye mwanangu, humo unatafuta nini?"

Suruali.

Alilitamka. Mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ile ile anayosomea maulidi. Bi Hadija akapiga kigelegele, na wengine wakampokea, na mimi nikawa nalia na kucheka kwa pamoja nyuma ya mgongo wa mama yangu, nimeshika dufu kama nimeshika usukani.

Mtendaji alisubiri vigelegele vipungue. Akaangalia simu yake, akairudisha mfukoni. Kwa sauti ndogo akamuuliza Mama hii ni shughuli gani. Mama akamwambia ni akika ya mtoto wa Selemani, huyo aliye nyuma ya mti.

"Mtoto wa Selemani?" Akageukia mikorosho. "Selemani, leo ni akika ya mwanao na umekuja kazini?"

"Ulisema hakuna ruhusa, mkuu."

Mtendaji, kijana wa watu, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Nitasema ilikuwa shughuli ya dini," akasema, kama anajisemea mwenyewe. Kisha kwetu: "Piteni. Msisimame njiani."

Tukapita. Jamani, tukapita! Dufu langu lilianza kulia kabla sijaliamrisha.

Maulidi ya leo Mama aliyasoma kama sijawahi kumsikia. Mtoto akanyolewa, akalia, akapewa jina. Mwishoni, kwenye dua, Mama akaomba kwa Kiswahili badala ya Kiarabu, akawataja wale vijana wa kwetu ambao hawajarudi, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake. Nyumba nzima ikaitikia amina. Yule mama aliyekuwa ameziba mdomo kwa ushungi alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Nilitazama wanawake wamejaa ukumbini hadi uani, weusi kila upande, nikakumbuka ile sauti ya kwenye simu. Hatukuwa tumepanga. Lakini tulikuwa tumevaa nyeusi, Jumamosi, tunawaombolezea watu wetu. Mtendaji alichokiogopa kilitokea, nacho kilikuwa hicho tu.

Baada ya hapo Mama akanikabidhi sinia la pilau nilipeleke njia panda. Nilimkuta mtendaji amekaa chini ya kivuli na wakwe wawili. Bakari akanitania, eti shemeji, baibui limekukaa kama turubai kwenye lori. Nikamwambia ale anyamaze, vinginevyo nitamwita mkwewe. Mtendaji alinawa mikono. Hakuniangalia, ila alisema taa ya ofisini inazima mapema siku hizi, huenda ni betri. Nikamwambia Jumatatu nitakuja kuangalia. Hakuuliza nitavaa nini.

Sijui atawaambia nini wakubwa zake. Huenda likaja gari Jumatatu, huenda lisije. Siwezi kukudanganya, shajara, nikisikia injini mbali naacha kuandika nasikiliza. Lakini hata hofu yenyewe leo si ile ya jana. Jana nilikuwa naogopa peke yangu.

Nilichelewa kwa Bi Hadija, nikamwangalizia paa lake, waya umeliwa na panya. Mama alitangulia kurudi. Nilipofika nyumbani kiza kilikuwa kinaanza kuingia, na kabla hata sijavuka uwanja nikaiona.

Suruali yangu ya kazi, ile niliyoiacha kwenye beseni asubuhi. Imefuliwa, imesuuzwa, imeanikwa kwenye kamba ya mbele. Iko katikati, baibui lake upande huu, kanga zake upande ule. Mifuko imetolewa nje ikauke vizuri. Ameibana kwa vibanio vyake vipya, vile ambavyo kanga za kawaida hazivipati.

Sikumuuliza. Nimekaa hapa barazani naiangalia tangu hapo, na baibui langu linanibana mabegani, na sitaki kulivua.

Sasa hivi ametoka na taa, ameitazama, amesema umande utailowesha, niianue. Nimemwambia, Mama, iache hapo, asubuhi watu wanaokwenda shamba watapita.

Amefikiri kidogo. Kisha ameisogeza, ikawa karibu zaidi na njia, amerudi ndani.